Vijana wa Aborijini, shule na kazi: mpira, bweni, ofisi au ardhi ya kwao – mtie mkono wapi?

Kikundi chenu cha Waswahili hapo Perth, Brisbane au Adelaide kimechanga hela kidogo, au kina watu wenye Jumamosi za kujitolea, na mmekubaliana msaada uende kwa vijana wa Aborijini: wasome, wapate kazi. Mpaka hapo hakuna ubishi. Ubishi unaanza mkifungua orodha ya mashirika, kila moja na picha za watoto wanaocheka, kila moja likiapa kwamba njia yake ndiyo njia. Lakini hayafanyi kazi moja. Lipo linalomshika mtoto asiache shule, lipo linalomhamisha kwenda shule nyingine, lipo linalomfungulia mlango wa ofisi mjini, na yapo yanayopigania shule yenyewe ibadilike ili mtoto asilazimike kwenda popote.

Mimi huyapima kwa swali moja kabla ya mengine: kijana huyu akimaliza, kazi yake iko wapi? Mjini au kwao? Nusu ya orodha hujichuja yenyewe hapo.

Nina sababu ya kuanzia kwenye kazi badala ya cheti. Mwaka 2020 serikali zote za Australia zilitia saini na mashirika ya Waaborijini mkataba wa Closing the Gap. Umo humo kwamba ifikapo 2031 vijana 96 kati ya 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24 wawe wamemaliza darasa la 12 au mafunzo yanayolingana nalo. Sensa ya 2016 iliwakuta asilimia 63.2, ya 2021 ikawakuta 68.1. Ni hatua. Sasa tazama lengo la jirani yake, la vijana wa miaka 15 hadi 24 walio kazini, shuleni au mafunzoni: asilimia 57.2 mwaka 2016, asilimia 58.0 mwaka 2021, na lengo ni 67. Kwa lugha ya mtaani, vyeti vinapanda, ajira imeganda. Shirika linalowaonyesha picha za mahafali tu halijawajibu.

Mpira na bweni

Haya mawili nayaweka pamoja kwa sababu ndiyo yenye majina makubwa, na ndiyo watu huyalinganisha vibaya.

Clontarf ilianzishwa Perth mwaka 2000 na Gerard Neesham, aliyekuwa kocha wa Fremantle katika ligi kuu ya mpira wa Australia, ule wa mpira wa umbo la yai. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: wavulana wanaotoroka shule hawautoroki mpira, basi mpira uhamie shuleni, na anayetaka kucheza aingie darasani. Clontarf haina shule zake. Inafungua chuo kidogo ndani ya shule ya kawaida ya serikali: chumba chao wenyewe, na wanaume wazima wachache ambao kazi yao ya kutwa ni hao vijana. Siku ya mazoezi basi dogo linapita mitaani kungali giza, na anayeendesha ndiye huyohuyo kocha, anayejua nyumba ipi hatoki mtu mpaka mlango ugongwe. Wanafanya mazoezi, wanaoga, wanapata kifungua kinywa, kengele ya kwanza inalia wakiwa tayari wako ndani ya geti. Kwa mtoto ambaye nyumbani jana walilala wengi na chakula kilikuwa kidogo, hicho kifungua kinywa si jambo dogo.

Ila kinachonivutia zaidi ni maofisa wao wa ajira. Kijana wa madarasa ya juu hupelekwa kuona sehemu za kazi kabla hajamaliza, na akimaliza wanaendelea kumfuatilia akiwa kazini, ile miezi ya mwanzo ambayo wengi huacha. Mashirika mengi hukabidhi cheti na kupeana mikono.

Yalari ni kitu kingine kabisa. Ilianzishwa 2005 na Waverley Stanley, Mwaborijini wa Murgon huko Queensland, ambaye mwalimu wake wa shule ya msingi alimsaidia kupata nafasi katika shule ya bweni ya Toowoomba Grammar. Alichopata yeye akataka wengine wakipate: Yalari inalipia watoto wa mikoani na vijijini masomo yote ya sekondari katika shule za bweni zenye sifa. Miaka mitatu baadaye, 2008, likaja shirika la AIEF la Andrew Penfold, nalo likifadhili nafasi za aina hiyohiyo.

Sasa kosa la kulinganisha. Mtu anachukua asilimia ya wanaomaliza bwenini, anaiweka kando ya ile ya chuo cha mpira, anatangaza mshindi. Hapo mnadanganyana. Bweni hupokea mtoto aliyeomba, akasailiwa, na mzazi wake akasimama nyuma yake. Basi la asubuhi linampakia yeyote aliyeko mtaani, hata aliyekosa shule muhula mzima. Anayetaka kulinganisha kweli aulize kila upande unaanza na mtoto gani.

Bweni lina mzigo mwingine ambao mgeni hauoni haraka. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 serikali za Australia zilichukua watoto wa Kiaborijini kwa nguvu na kuwaweka misheni na kwa familia za Wazungu. Waziri Mkuu Kevin Rudd aliomba radhi bungeni tarehe 13 Februari 2008. Walioondolewa hivyo bado wako hai, ni bibi na babu wa hawa wanaoomba nafasi leo. Ufadhili wa sasa mzazi anautia saini kwa hiari yake, na posho ya serikali ya ABSTUDY, iliyokuwapo tangu 1969, husaidia ada ya bweni na nauli ya kurudi likizo. Hata hivyo usishangae ukimkuta bibi anayemruhusu mjukuu aende huku moyo wake haujatulia. Sisi tuliokulia kwenye utaratibu wa kuchaguliwa kidato cha kwanza mkoa wa mbali tunaujua upweke wa wiki za mwanzo. Lakini bwenini kwetu ulikutana na watu wa lugha yako, au angalau wa chakula chako. Huko mtoto anaweza kuwa Mwaborijini peke yake darasani.

Na akimaliza? Mara nyingi kazi ya kiwango alichosomea haiko kijijini kwao. Bweni ni njia ya mjini. Kwa familia inayotaka wakili au daktari, na iliyokubali kwamba atakaa mbali, ni njia nzuri sana. Kwa familia inayotaka mtu wa kukaa na wazee, kuendesha zahanati na kusimamia ardhi, inaweza kuwa njia ya kumpoteza.

Clontarf nayo nina manung'uniko nayo mawili. Kwanza, inaichukua shule kama ilivyo: kama somo lenyewe ni bovu, mpira unamfikisha mtoto kwenye somo bovu kwa wakati. Pili, ni ya wavulana tu. Wasichana wana Girls Academy, iliyoanzishwa 2004 na Ricky Grace, mcheza kikapu mzaliwa wa Marekani aliyeng'ara na Perth Wildcats, na Stars, iliyoanza 2015 huko Northern Territory. Kwa miaka mingi fedha za serikali ya shirikisho zilielemea upande wa wavulana, na wanawake wa Kiaborijini walilisema hilo waziwazi. Kama mfuko wenu ni mdogo na mmeshaamua kuingia kwenye mtindo huu wa kumlea kijana shuleni, mimi ningeupeleka kwa wasichana bila kufikiri mara mbili.

Ofisi ya mjini

Hapa sina mengi, kwa sababu njia yenyewe iko wazi. AIME ilianza 2005 Sydney: Jack Manning Bancroft, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, aliwakutanisha wanachuo 25 na watoto 25 wa Kiaborijini wa shule ya mtaa wa Redfern, kila mtoto na mlezi wake. Baadaye ilivuka mipaka ya Australia mpaka Uganda na Afrika Kusini. CareerTrackers ilianza 2009, ikiiga mpango wa Marekani uitwao INROADS, ambao ulianzia Chicago 1970 kwa ajili ya vijana Weusi. CareerTrackers inamchukua Mwaborijini aliyekwishaingia chuo kikuu, inamtafutia kampuni, naye hufanya kazi ya kulipwa kila likizo mpaka anahitimu.

Kati ya hizi mbili, kwa upande wa ajira ningechagua CareerTrackers. Kijana anahitimu akiwa na bosi anayemjua kwa jina na malipo yaliyokwisha kuingia benki. Tatizo lake ni moja: anayefika pale ameshavuka mito yote mibaya. Haimgusi yule aliyeacha shule darasa la 9 huko Katherine, mji mdogo wa Northern Territory.

Ardhi ya kwao

Hapa ndipo penye mambo, na ndipo Waswahili wengi hawapajui kwa sababu ni mbali na hakuna duka la mihogo.

Yirrkala ni kijiji cha Wayolngu, pembe ya kaskazini mashariki ya Arnhem Land, ardhi kubwa ya Waaborijini huko Northern Territory. Kutoka Darwin watu hupanda ndege. Kwa gari ni kama kilomita 1,000, sehemu kubwa vumbi, na masika njia hufungwa. Shule ya hapo inafundisha kwa lugha mbili, Kiyolngu na Kiingereza. Mwaka 1990 mwalimu mkuu wake akawa Dkt. M. Yunupingu, Mwaborijini wa kwanza nchini kushika cheo hicho, ambaye wengi walimjua zaidi kama mwimbaji wa bendi ya Yothu Yindi. Elimu ya lugha mbili ilianza Northern Territory mwaka 1973, ikatishiwa kufutwa 1998, na mwaka 2008 ikaja amri kwamba saa 4 za kwanza za kila siku ya shule zifundishwe kwa Kiingereza. Saa nne za kwanza ndiyo siku yenyewe. Baada ya hapo jua ni kali na watoto wamechoka. Wazee wa Yirrkala hawakukubali. Walibishana, waliandika barua, na waliendelea kufundisha kwa lugha yao huku amri ipo, mpaka amri yenyewe ikalegezwa miaka michache baadaye. Mtanzania yeyote aliyesoma msingi kwa Kiswahili kisha akaangukia biolojia ya kidato cha kwanza kwa Kiingereza hahitaji kuelezwa walikuwa wanapigania nini.

Mwaka 2020 wanafunzi 8 wa shule hiyo walimaliza darasa la 12 kwa alama za kuingilia chuo kikuu. Walikuwa wa kwanza kijijini hapo kuzipata, na walizipata bila kuhama.

Halafu kuna mpango wa Learning on Country, ulioanza 2013 katika shule za Arnhem Land. Wanafunzi wa sekondari wanatoka darasani na walinzi wa ardhi, ambao ni watu wa kwao wenye sare na mshahara, pamoja na mzee anayeijua sehemu hiyo. Chukua somo la moto. Mwanzo wa kiangazi, nyasi zikiwa bado na unyevu, walinzi wanachoma vipande vidogovidogo ili moto mkubwa wa mwisho wa kiangazi ukija ukose pa kupita. Mwanafunzi anajifunza kuusoma upepo na umande kutoka kwa mzee, anajifunza kuweka alama za eneo kwenye kifaa cha ramani kutoka kwa mlinzi, na mwalimu wake anayageuza hayo kuwa hesabu na sayansi ya hewa ya ukaa. Hewa hiyo ina bei: mwaka 2006 walinzi wa Arnhem Land magharibi waliingia mkataba na kiwanda cha gesi cha Darwin, wakawa wanalipwa kwa kupunguza moshi wa mioto mikubwa. Ujuzi wa babu umekuwa mshahara wa mjukuu. Serikali ya shirikisho imekuwa ikilipa mishahara ya walinzi kwa mpango maalumu tangu 2007, kwa hiyo mtoto wa Maningrida, kijiji kingine cha Arnhem Land, anayeulizwa atakuwa nani akikua anaweza kunyooshea kidole mtu wa kweli, shangazi yake aliyevaa buti.

Lakini tusipake rangi. Nafasi za ulinzi wa ardhi hazimtoshi kila kijana, na kazi nyingine vijijini ni chache mno. Kwa miaka mingi pengo hilo lilijazwa na utaratibu wa CDP: kuanzia 2015 asiye na kazi alitakiwa kufanya shughuli saa 25 kwa wiki, siku 5, ili apate posho yake ya serikali, na akikosa anakatwa. Ulikuwa mkali kuliko ule wa watu wa mijini, na waliokuwamo wengi wao ni Waaborijini. Halmashauri ya Ngaanyatjarra, jangwani Australia Magharibi, iliupeleka mahakamani, na 2021 serikali ikakubali kulipa fidia. Mwaka huohuo shughuli za lazima zikawa za hiari. Mwaka 2024 ukatangazwa mpango mpya wa ajira 3,000 vijijini, safari hii zenye mshahara, likizo na akiba ya uzeeni. Nafasi 3,000 kwa eneo kubwa kuliko Tanzania mara kadhaa si nyingi, ila angalau ni kazi.

Jirani ya Yirrkala kuna mji wa Nhulunbuy, uliojengwa kwa ajili ya mgodi wa boksaiti. Kiwanda cha kusafisha madini kilifungwa 2014, na mgodi wenyewe unaelekea mwisho wake. Koo za Wayolngu zimeliona hilo mapema: shirika la ukoo wa Gumatj lilifungua mgodi wake na kituo cha mafunzo, na ardhi yao ndiyo NASA iliyoitumia kurushia roketi 3 mwaka 2022. Sisemi kila kijana atarusha roketi. Nasema kuna watu wanaotengeneza kazi mahali ambapo shule ipo, na hao ni nadra.

Wanaopiga kelele

Haya mashirika hayana picha nzuri. Hayana basi wala sare. Kazi yao ni mikutano, na kwa mtoaji wa msaada mikutano haipendezi.

NSW AECG imekuwapo tangu 1977: kamati za wazazi na wazee wa Kiaborijini katika miji na vitongoji vya New South Wales, wengi wao wanaojitolea, ambao hukaa na mwalimu mkuu wa eneo na kumuuliza kwa nini watoto wao ndio wanaosimamishwa shule zaidi, au lugha ya hapo itafundishwa lini. Victoria ina VAEAI, ya 1976. Kitaifa kuna Coalition of Peaks, muungano wa mashirika zaidi ya 80, uliokaa mezani na serikali hadi mkataba ule wa 2020 ukapatikana. Tume ya Tija ya serikali yenyewe, mapema 2024, iliandika kwamba serikali kwa sehemu kubwa hazijabadilisha namna zinavyofanya kazi. Na Oktoba 2023 kura ya maoni ya kuwapa Waaborijini chombo chao cha kulishauri bunge, kilichoandikwa katika katiba, ilishindwa. Kwa hiyo sauti iliyobaki ni hii ya kamati.

Je, kelele huleta kitu? Nenda Alice Springs. Mwaka 1978 wazee wa kambi za pembezoni mwa mji walianzisha shule yao, Yipirinya, kwa sababu watoto wao walikuwa wakichekwa na kupotea katika shule za mjini. Serikali ya Northern Territory iliwanyima usajili. Walikwenda mahakamani, na 1983 ikasajiliwa. Mpaka leo inafundisha kwa Kiarrernte, Kiluritja na Kiwarlpiri pamoja na Kiingereza. Bila wale wabishi, mpira na ufadhili wote ungekuwa unawapeleka watoto kwenye shule ileile iliyowakimbiza.

Basi nani achague nini

Mkiwa na fedha tu, na hamna muda, gawanyeni mara mbili: sehemu kubwa kwa shirika linaloongozwa na Waaborijini wenyewe katika mji mnaoishi, sehemu ndogo kwa Stars au Girls Academy. Msitawanye hela kwenye mashirika kumi ili kila mjumbe afurahi.

Mkiwa na watu wa kujitolea, msifikirie Arnhem Land. Kuingia ardhi ya Waaborijini kule kunahitaji kibali cha Baraza la Ardhi, kwa sheria ya 1976, na mtu wa wiki mbili ni mzigo kwa kijiji. Tafuteni kitu cha karibu na cha kudumu: vipindi vya masomo ya jioni kwenye kituo cha jamii, au saa za kumfundisha kijana kuendesha gari akiwa na leseni ya mwanafunzi, kwani kazi nyingi za migodini na za mikoani hazipatikani bila leseni na si kila familia ina gari na dereva mwenye leseni kamili. Kila anayekaa na watoto lazima awe na kibali cha usalama wa watoto. Queensland huitwa Blue Card, Northern Territory Ochre Card. Kianzeni mapema, huchukua muda.

Kama miongoni mwenu yuko mwajiri, mwenye kampuni ya usafi, uangalizi wa wazee au malori, huyo ana uwezo kuliko sisi wote. Nafasi mbili za kazi zenye msimamizi mvumilivu zina uzito kuliko hundi. Azungumze na ofisa ajira wa Clontarf au wa Stars wa shule iliyo karibu, na akubali tangu mwanzo kwamba msiba ukitokea kwao kijana ataondoka kwa siku kadhaa. Mswahili hilo haliwezi kumshangaza.

Na kabla ya kutoa senti, fungueni madaftari mawili ya serikali, yote bure mtandaoni. ACNC inaonyesha mapato na matumizi ya kila shirika la hisani lililosajiliwa. ORIC ni ya mashirika ya Waaborijini, na humo mtaona majina ya wakurugenzi na ripoti zao za mwaka. Shirika linalojiita la Waaborijini lakini halina Mwaborijini hata mmoja kwenye bodi, mliulize kwa nini, kwa barua pepe ya adabu, na msubiri jibu kabla mweka hazina hajabonyeza kitufe. Angalieni pia kama lina kibali cha DGR, yaani cha kupokea michango inayompa mtoaji nafuu ya kodi, maana mchango wa kuanzia dola 2 huweza kuondolewa kwenye mapato ya mwanachama yanayotozwa kodi, na hiyo ndiyo hoja itakayomshawishi yule mjumbe ambaye hajasema neno tangu kikao kianze.